Kauli-Kiini ya Filamu na Uamuzi wa Kitenzi: Uhakiki wa Sentensi Inayoitambulisha Sinema ya Rwanda kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kauli-kiini, yaani ile sentensi moja au mbili ambazo kwazo wazo la filamu huwasilishwa kwa mtayarishaji, mfadhili au tamasha kabla mswada haujasomwa. Kwa kurejelea zaidi filamu zinazoihusu Rwanda tangu mwaka 2007, inadaiwa kwamba kanuni zinazofundishwa kuhusu sentensi hii zimejengwa juu ya aina moja ya mhusika, na kwamba mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili unampa mwandishi nyenzo za kusema yale ambayo kanuni hizo huyaacha nje. Nyenzo hizo hizo zikitumiwa kiholela zinaweza kupotosha historia, na hapo ndipo suala linapokuwa la watunga sera pia.

Utangulizi

Mwandishi wa filamu anaweza kutumia miaka mitatu akiandika mswada wa kurasa 100, kisha mswada huo ukakubaliwa au ukakataliwa kwa maneno 30. Sentensi hiyo fupi ndiyo anayoisoma mtayarishaji kwanza, na mara nyingi haendelei zaidi ya hapo. Hujazwa katika fomu za kuomba ruzuku, huchapishwa katika katalogi za matamasha, na ndiyo anayoirudia mtayarishaji anapomshawishi mwenye fedha. Watu wa Hollywood husimulia kwamba ilizaliwa katika madaftari ya studio, ambamo kila mswada uliopokelewa uliandikiwa mstari mmoja ili msomaji wa baadaye ajue mna nini ndani bila kuufungua.

Kwa Kiingereza ina jina lake, ambalo likitamkwa Kiswahili huwa logilaini. Kwa Kiswahili bado haijapata jina lililotulia. Muhtasari haufai, kwa sababu muhtasari hueleza kisa hadi mwisho, ilhali sentensi hii hukoma pale msomaji anapoanza kuuliza. Kaulimbiu nayo ni mali ya kampeni. Makala haya yanatumia kauli-kiini. Neno kauli lina faida ya ziada kwamba wanaisimu wetu hulitumia pia kwa hali za kitenzi: kutenda, kutendwa, kutendana na kadhalika. Kama itakavyoonekana, ubora wa sentensi hii kwa Kiswahili huamuliwa kwa kiasi kikubwa papo hapo.

Kigali ni mahali panapofaa kulijadili suala hili. Sinema ya Rwanda ni changa. Filamu ya 100 Days, iliyoongozwa na Nick Hughes na kutayarishwa na Eric Kabera, ilitoka mwaka 2001. Tamasha la filamu ambalo watu walilizoea kwa jina la Hillywood lilianza mwaka 2005 na kuzipeleka filamu hadi vijijini kwa skrini za kupuliza hewa. Tangu hapo waandishi wa Rwanda wamekuwa wakijieleza mbele ya wageni kuliko mbele ya jirani zao, na kujieleza huko kumefanyika kwa Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini mwaka 2017. Filamu za hapa hazijakitumia sana kujitambulisha, hata pale zinapowalenga watazamaji wa Goma, Bujumbura, Kampala na Dar es Salaam.

Kanuni na mhusika wake

Kitabu cha Blake Snyder, Save the Cat!, kilichotoka mwaka 2005, ndicho kilichoeneza zaidi mafunzo ya sentensi hii. Snyder anataka kauli-kiini iwe na kinaya, ijenge picha akilini, idokeze hadhira na gharama, na iandamane na jina kali. Walimu wengi huyageuza mafunzo ya aina hii kuwa mchoro: mtu fulani, baada ya tukio fulani, analazimika kufanya jambo fulani, la sivyo atapoteza kitu fulani. Mchoro huu haustahili kudharauliwa. Mtu akijaribu kuuingiza ndani yake mswada usio na mgogoro, upungufu unaonekana mara moja, na ni heri uonekane mezani kuliko kwenye eneo la kupigia picha. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga (2012) inaingia humo bila kubanwa: kijana wa mashambani anayeota kuwa mwigizaji anafika Nairobi, anaporwa kila alichonacho, kisha anapata nafasi jukwaani na nafasi katika genge la wezi kwa wakati mmoja. Kinaya kipo, picha ipo, na msomaji anataka kujua ni nafasi gani itakayoimeza nyingine.

Hata hivyo, mchoro huo una dhana yake kuhusu mtu. Mhusika wake anajua anachotaka na anakitaka peke yake, na kinachomzuia kiko nje yake. Tuichukue Munyurangabo, filamu ya Lee Isaac Chung iliyozungumzwa kwa Kinyarwanda na kuoneshwa Cannes mwaka 2007. Kwa kufuata mchoro, tungeandika hivi:

Baada ya kuiba panga sokoni, vijana wawili wanaondoka Kigali kwenda kulipiza kisasi cha baba aliyeuawa mwaka 1994.

Sentensi hii ni fupi na hakuna uongo wowote ndani yake. Mtayarishaji angeinunua bila kusita. Lakini inaahidi filamu ambayo haipo, kwa sababu safari yenyewe inasimama mapema. Vijana hao, Ngabo na Sangwa, wanapitia kwa wazazi wa Sangwa, ambaye hajaonekana nyumbani kwa miaka kadhaa, na sehemu kubwa ya filamu inakaa hapo: kulima, kukarabati ukuta, kula, kunyamaza. Uzito wote uko katika kuchelewa. Baba wa Sangwa hapendi mwanawe aandamane na Mtutsi. Sangwa anazidi kuonja utamu wa kuwa na nyumbani. Ngabo anazidi kuona kwamba yeye hana. Kauli-kiini inayoitendea haki filamu hii inapaswa kuuweka uchelewaji huo mahali pa kitenzi kikuu:

Akiwa njiani na panga kwenda kumuua aliyemuua baba yake, yatima wa Kigali anapitia kusalimia kwa wazazi wa rafiki anayemsindikiza. Salamu za saa chache zinageuka siku, na kila siku inayopita rafiki anarudi kuwa mtoto wa nyumba ambayo mgeni hatakiwi.

Ni ndefu zaidi, nakiri, na mhariri mkali angekata theluthi. Lakini asingeweza kukikata kitenzi kupitia. Kwa Mswahili, kama kwa Mnyarwanda, kupitia kusalimia kuna taratibu zake: huwezi kukataa, huwezi kuharakisha, na ukishapewa chakula umeingia katika deni. Msomaji wa ukanda wetu anauona mgogoro ndani ya kitenzi hicho kabla hajaambiwa lolote kuhusu chuki. Msomaji wa Los Angeles angehitaji kuelezwa. Ndiyo maana haitoshi kuiandika kauli-kiini kwa Kiingereza kisha kuitafsiri. Kinachobeba mzigo katika lugha moja si lazima kiubebe katika nyingine.

Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018) inaleta tatizo la namna nyingine. Msichana wa miaka tisa ana ugonjwa usio na tiba na anataka kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Katalogi nyingi zingeanza na yeye. Anayetenda, hata hivyo, ni kijiji kizima, kinachokubali kuigiza mbele ya mtoto kwamba nguvu zake ni za kweli, na hatimaye kumtengenezea filamu. Kiswahili kinaruhusu kuanza na kijiji kama mtendaji bila ugeni wowote: kijiji kizima kinakubaliana kumdanganya mtoto. Hapo kinaya tunachokidai kimepatikana, na mhusika mkuu ni umati.

Sentensi iliyokataliwa ndani ya filamu

Filamu ya Kivu Ruhorahoza, Matière grise (2011), imeliweka jambo hili lenyewe katika hadithi. Balthazar, mwongozaji kijana wa Kigali, anatafuta fedha za filamu yake ya kwanza ndefu, iitwayo Mzunguko wa Mende kwa tafsiri ya Kiswahili. Anazikosa. Anayeombwa anapendelea filamu ya kuhamasisha jamii, yenye ujumbe unaoweza kutajwa kwa maneno mawili. Balthazar anaamua kuendelea na matayarisho huku akificha kwamba hana kitu, na filamu aliyonyimwa inaanza kuonekana mbele yetu: mtu aliyefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kisha kaka na dada walionusurika ambao hawajui namna ya kuendelea kuishi. Ramadhan Bizimana, aliyeigiza kaka huyo, alipewa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Tribeca mwaka huo.

Watoaji ruzuku wangeitazama filamu hii kwa faida. Inaonesha tofauti kati ya kauli-kiini na dhamira, tofauti ambayo fomu nyingi za maombi huifuta. Fomu inapouliza filamu inahusu nini, mwombaji mwerevu huandika maridhiano, au unyanyasaji wa kijinsia, au mabadiliko ya tabianchi, kwa kuwa anajua ni maneno gani yanayotafutwa. Hayo ni majina ya mada. Hayana mtu wala kitenzi. Ukiwa na miswada 40 iliyoelezwa kwa majina ya mada huwezi kuichagua kwa ubora. Utaichagua kwa kulinganisha mada na mpango wako wa mwaka. Balthazar angeulizwa ni nani, anafanya nini, na nini kinamzuia, angekuwa na jibu. Jina la mende, ambalo waenezaji wa chuki walilitumia kuwavua Watutsi utu wao, lilikuwa tayari limebeba nusu ya jibu hilo.

Kauli za vitenzi

Kiswahili kina sifa chache za asili ikilinganishwa na Kiingereza. Mwanafunzi anayetafsiri sajini mwenye uchovu wa vita hujikuta amekwama katika mwenye, -a na -enye ya pili. Mwandishi mzoefu husema sajini aliyechoshwa na vita, na papo hapo sifa imekuwa tukio: kuna kitu kilichomchosha, kwa muda, na kingali nyuma yake. Mhusika anaingia katika sentensi akiwa na jana yake. Hii ni faida kubwa kwa kauli-kiini, mradi virejeshi visizidi viwili. Vikifika vitatu, msomaji anasahau kitenzi kikuu ni kipi. Pia -ka- ya masimulizi haifai hapa. Akaenda, akakuta, akaamua ni mtiririko wa ngano, nao humvuta msomaji hadi mwisho ambao hatujataka aufikie. Kauli-kiini hukaa vizuri katika -na-, ikisaidiwa na -ki- na -po-.

Uamuzi mzito zaidi uko katika viambishi tamati vya kitenzi. La miséricorde de la jungle ya Joel Karekezi, iliyoshinda Farasi wa Dhahabu wa Yennenga katika tamasha la FESPACO mwaka 2019, inawahusu wanajeshi wawili wa Rwanda mwaka 1998, sajini Xavier na kuruta Faustin, katika misitu ya mashariki mwa Kongo. Je, wanapotea msituni au wanaachwa msituni? Kupotea hakuna mtendaji. Ni ajali, na filamu inayofuata ni ya kupambana na maumbile. Kuachwa kuna aliyewaacha: kikosi kimeondoka bila wao, na swali la nani anawajibika kwa askari wawili katika vita vya nchi ya watu linabaki hewani hata pale wanapotafuta maji. Herufi tatu nne zinatofautisha filamu ya kunusurika na filamu ya vita.

The Bride ya Myriam Birara, iliyooneshwa Berlin mwaka 2023, inatoa mfano ulio wazi kuliko wote. Ni mwaka 1997. Eva anatekwa na mwanamume, anabakwa, na ndugu zake wanaona suluhisho ni ndoa. Katika nyumba anayopelekwa anakutana na binamu wa mume, mwanamke aliyefiwa na jamaa zake katika mauaji ya kimbari. Kiingereza kinahitaji maneno kadhaa kusema kwamba amelazimishwa kuolewa. Sarufi yetu imekwisha kulipanga jambo hili: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, na pale ambapo wengine wameamua kwa niaba yake, anaozwa. Hebu tuandike: msichana aliyetekwa anaozwa na familia yake kwa mtekaji. Kitenzi kimoja kimewataja waliopaswa kumlinda na kuonesha walichokifanya. Wapo watakaosema kwamba Eva hafai kuwa mhusika mkuu kwa kuwa hatendi, anatendwa tu. Hoja hiyo inasahau kwamba kutendwa kwa Kiswahili kunaweza kubeba msuko mzima, na kwamba swali la filamu hii ni nini mtu anaweza kufanya ndani ya sentensi ambamo yeye si mtendaji. Kitenzi cha kwanza cha kutenda ambacho Eva anastahili kupewa katika kauli-kiini ni kile anachokifanya pamoja na binamu huyo: wanasimuliana. Kauli ya kutendana ndiyo inayomtoa katika kutendwa.

Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman (2021) ilipigwa picha Rwanda na kuzungumzwa kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Inakutanisha mchimbaji wa koltani ambaye ndugu yake ameuawa mgodini na Neptune, mtoro mwenye jinsia mbili. Mwandishi wa Kiingereza anapoifupisha filamu hii hulazimika kuchagua kiwakilishi, na kila anachochagua kinafichua au kinaficha jambo mapema mno. Kiambishi a- hakimlazimishi kuchagua. Neptune anatoroka, anavuka, anakutana. Msomaji anapata mtu kwanza. Kinyarwanda kina uwezo huo huo. Inashangaza kwamba filamu iliyotengenezwa katika lugha ambazo hazina tatizo hili imekuwa ikitambulishwa zaidi katika lugha zilizo nalo.

Sasa tufike palipo na hatari. Kauli ya kutendana, iliyotusaidia katika The Bride, ni sumu mahali pengine. Sentensi za namna ya Rwanda, mwaka 1994, watu walipouana si ngeni katika Kiswahili cha kila siku. Anayeisema huenda hana nia mbaya; -an- inakuja mdomoni kwa sababu vita huzoeleka kama jambo la pande mbili. Lakini uana linadai kwamba kila upande uliua na uliuawa kwa namna moja. Hayo ndiyo madai ya wakanushaji wenyewe. Watutsi waliuawa, walisakwa, walimalizwa kwa mpango katika muda wa siku 100 hivi, na Wahutu waliokataa mpango huo waliuawa pia. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipa tarehe 7 Aprili jina kamili la kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 2018, na neno dhidi liliingizwa kwa makusudi ili mtendwa atajwe. Kauli-kiini ya filamu haina nafasi ya maelezo ya chini ya ukurasa. Ikiandikwa walipouana, katalogi ikachapishwa, redio ikaisoma, silabi moja imefanya kazi ambayo filamu nzima ilitengenezwa ili kuipinga. Vivyo hivyo kwa maneno machafuko ya kikabila, ambayo hayana kitenzi kabisa na kwa hiyo hayana aliyetenda.

Nani anamwitaje nani

Filamu fupi ya Jo Ingabire Moys, Bazigaga (2022), iliyoteuliwa kuwania tuzo ya BAFTA, inafuata nyayo za Zura Karuhimbi, mwanamke aliyewaficha watu wengi nyumbani kwake mwaka 1994 kwa kuwatisha wauaji kwamba ana nguvu za uchawi. Katika filamu, mchungaji wa kanisa na binti yake mdogo wanakimbilia katika kibanda cha Bazigaga, anayeigizwa na Eliane Umuhire, huku wanamgambo wakiwa nje. Kinaya kimejitengeneza chenyewe: mtu wa dini anaokolewa na mtu ambaye mahubiri yake yamemlaani.

Ugumu unaanza tunapotafuta nomino. Mchawi ndilo neno la wanamgambo, na ndilo linalomlinda. Mganga ni neno la wanaokwenda kwake usiku. Mpiga ramli ni neno la mchungaji, lenye dharau ndani yake. Mwanamke anayeogopwa na kijiji kizima halitoi hukumu, ila linapoteza mgongano na uchungaji. Kila neno linamweka msomaji katika nyumba tofauti kabla filamu haijaanza. Mimi ningeandika: Mchungaji anayesakwa na wauaji hana pa kumficha binti yake isipokuwa kwa mwanamke ambaye yeye mwenyewe amekuwa akimwita mchawi. Neno limebaki kwa aliyelisema, na deni la kulirudisha ni lake. Kinachojitokeza hapa ni kanuni ndogo ya kazi: pale ambapo jina la mhusika lina ubishi, kauli-kiini iseme ni nani anayemwita hivyo.

Riwaya inapogeuzwa filamu jambo hili hujitokeza kwa sura nyingine. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi inaanza na Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja aliyeozwa kwa mzee Raza. Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 imezoea kutambulishwa kwa kuanza na Denge, kijana mpigania uhuru, anayekutana na Yasmin. Hakuna haja ya kulalamika. Mwongozaji ana haki yake. Ila mtafiti wa utohozi angeweza kuanza kazi yake kwa kuziweka sentensi hizo mbili kando kwa kando, kwa kuwa aliyepewa nafasi ya kiima ndiye aliyepewa filamu.

Tega

Mara nyingi kauli-kiini hulinganishwa na methali kwa sababu ya ufupi. Ulinganishi huo unapotosha. Methali hufunga mjadala; imekwisha kujua. Ndugu wa karibu wa sentensi hii ni kitendawili. Mtegaji hutoa picha yenye mgongano ndani yake, kisha hunyamaza. Kwa Waswahili hadhira husema tega. Kwa Wanyarwanda anayetega huita sakwe sakwe na kuitikiwa soma. Katika desturi zote mbili anayesikiliza amekubali mapema kwamba atasumbuliwa. Na anayeshindwa, kwetu, hutoa mji kabla ya kupewa jibu. Mfadhili ndiye anayeombwa mji, na atautoa ikiwa tu ameshindwa kuacha kufikiri. Kauli-kiini ambayo ndani yake mna jibu tayari, kwa mfano ile inayomalizia na hatimaye wanajifunza kusameheana, imetoa jibu kabla ya kudai mji.

Ukanda wetu una walimu wengine wa fani hii ambao vyuo havijawatambua. Kigali kuna agasobanuye, filamu za kigeni zinazosimuliwa upya kwa Kinyarwanda na msimulizi mmoja; Nairobi ina DJ Afro; Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu. Watu hawa hupata sekunde chache za kumwambia mteja kwa nini aipende filamu ya Hong Kong au Mumbai, na huanza na stelingi: ni nani, amefanyiwa nini, anamtafuta nani. Hawangojei dhamira. Istilahi ya stelingi, pamoja na sheria yake maarufu kwamba stelingi hafi, ni nadharia ya mhusika mkuu iliyotungwa na watazamaji wenyewe, na si ajabu kwamba Munyurangabo au The Bride zingemsumbua msimulizi wa agasobanuye kwa namna ile ile zinavyomsumbua mwalimu wa mchoro. Ningependa kumsikia akijaribu.

Maombi, fomu na lugha

Masuala ya kisera yanayotokana na uhakiki huu ni machache na hayahitaji fedha nyingi. La kwanza linahusu idadi. Fomu huweka ukomo wa maneno au wa herufi, na ukomo huo umepangwa kwa Kiingereza. Asiyewahi kumwona ni maneno mawili kwa Kiswahili na manne au matano kwa Kiingereza, lakini herufi zake si chache kwa kiwango hicho. Ukomo wa maneno unamfaa mwandishi wa Kiswahili. Ukomo wa herufi unaweza kumwumiza. Mfuko wowote wa kikanda utakaopokea maombi kwa lugha zetu unapaswa kulijua hili kabla ya kuchapisha fomu.

La pili ni la uamuzi. Ikiwa wahusika wanazungumza Kiswahili au Kinyarwanda, jopo lidai kauli-kiini katika lugha hiyo pamoja na ile ya Kiingereza au Kifaransa, na zisomwe na mtu mmoja anayezijua zote mbili. Si kwa ajili ya heshima ya lugha. Anaozwa inapogeuzwa kuwa anaolewa njiani kwenda kwenye tafsiri, jopo linakuwa limepewa filamu nyingine. Kwa filamu zinazohusu mwaka 1994, msomaji huyo atazame vitenzi vyote vyenye -an- kabla sentensi haijaingia katika katalogi. Ni kazi ya dakika tano.

La tatu linawahusu walimu. Taasisi kama Kwetu mjini Kigali na maabara kama Maisha, iliyoanzishwa na Mira Nair mwaka 2004 ikiwa na makao Kampala, zimewafundisha waandishi wengi wa Afrika Mashariki stadi hii, kwa lugha ambayo wahusika wao wengi hawaitumii. Idara zetu za Kiswahili kwa upande wake hufundisha kauli za vitenzi kwa sentensi za Juma na Asha, na uchambuzi wa filamu kwa kutafuta dhamira na maudhui. Zoezi moja lingewaunganisha: wanafunzi waoneshwe filamu fupi kama Bazigaga, kila mmoja aandike kauli-kiini tatu zinazotofautiana katika kitenzi kikuu pekee, kisha wenzao ambao hawajaiona filamu waseme wanatarajia kuona nini.

Imesalia kazi ya istilahi. Iwapo kauli-kiini itakubaliwa na vyombo vya lugha vya kikanda, litahitajika pia jina la maneno ya bango, yale yanayochapishwa chini ya jina la filamu ili kumvuta mpita njia, ambayo kwa sasa huchanganywa na kauli-kiini hata katika vitini vya mafunzo. Pendekezo la makala haya ni mwito wa bango, na liko wazi kupingwa.